Mchanga Chini ya Askari Wangu

Jumatatu, 3 Februari

Nyekundu tena. Majoho kumi na moja leo, tabaka mbili kila moja, rangi nyepesi kama chai ya mgahawani. Bado ishirini nifikishe askari sitini. Mvua haijakata tangu asubuhi na rangi haikauki, kwa hiyo nimewapanga juu ya kabati la vyombo jikoni, karibu na joto. Mama Neema analalamika kwamba hafikii sahani. Sahani zitasubiri. Hawa wamesubiri zaidi ya miaka mia moja kumpata mtu wa kuwavalisha vizuri.

Kila mmoja ni sanamu ndogo, ndefu kama pingili ya juu ya kidole gumba changu. Kasha walimokuja lina picha: ruga-ruga uchi, meno nje, mfupa puani, mkuki juu. Mchoraji yule hajasoma hata ukurasa mmoja. Ruga-ruga walikuwa watu wa vita wa kukodiwa. Walivaa nyekundu ili waogopwe kutoka mbali. Walibeba gobole, walijipamba, walijivuna. Wengi walikuwa majambazi, siwasafishi. Lakini hawakuwa uchi. Kila ninayempaka rangi ni hoja yangu dhidi ya lile kasha.

Ngozi nachanganya mwenyewe. Kwenye seti ya rangi kuna kichupa kimoja cha kahawia, wameona kinatosha bara zima. Nina kahawia saba kwenye kigae changu.

Halafu mchanga. Kikaango cha tatu leo. Mwaka jana niliuanika juu ya bati, lakini tangu Desemba jua limekuwa la kuombwa. Nauchoma jikoni kwenye gesi, nakoroga kwa mwiko mpaka uteleze kama unga, kisha naunyunyiza juu ya gundi. Si vitako vya askari tu. Ni uwanja mzima wa vita: mbao sita za kuunganisha, vilima, njia ya misafara. Udongo wetu wa mbuga haufai. Ukikauka unapasuka kama kisigino. Huu nimeuchota kwenye marudio ya rafiki yangu Masanja kule Kagongwa, ule mchanga unaobaki mawe yakishasagwa na dhahabu ikishatolewa. Nilibeba ndoo mbili Novemba. Sijawahi kuona mchanga laini hivi.

Alhamisi, 6 Februari

Makala yangu imetoka. Ukurasa wa saba, juu kabisa, haijakatwa sentensi.

Nimewachapa. Wachimbaji wadogo wanamwaga zebaki kwenye mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha wanaichoma zebaki itoke, dhahabu ibaki. Mvuke wake huuoni wala huunusi. Wanachomea uani. Wanachomea chumbani. Kuanzia Geita mpaka huku ni hivyo hivyo. Na kila mwaka inafanyika semina, wanakunywa soda, wanarudi kuchoma. Nimeandika: "Mtu anayechoma sumu kwenye jiko analopikia mkewe hahitaji semina. Anahitaji pingu."

Sentensi hiyo nimesomewa leo na watu watatu, mmoja akiwa kwenye foleni ya benki. Nilijifanya nimeisahau.

Nimemgusa pia "msomi mmoja wa Kagongwa mwenye karasha la mawe, anayewaacha mafundi wake wachomee kando ya lundo huku yeye akisoma magazeti." Sikutaja jina.

Jumamosi, 8 Februari

Masanja amepiga simu. Hakusalimia.

"Mwalimu, huyo msomi wa Kagongwa ni nani?"

Nikamwambia Kagongwa ni kubwa.

"Kubwa? Wenye karasha tuliosoma tulikuwa wawili, na mwenzangu tumemzika mwaka juzi."

Nilitaka kucheka. Sikucheka. Nikamwambia kama dhamira inamwasha asinilaumu mimi, ajikune.

"Haya. Nitakuja kuchukua mazimwi yangu yaliyo kwako. Pasaka hii kacheze na mkeo."

Akakata.

Tulisoma wote chuo cha ualimu. Mimi nilifundisha historia mpaka wakanichoka. Yeye aliacha chaki mapema, akanunua karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Miaka kumi na minne iliyopita mhandisi mmoja mgeni alimaliza mkataba wake Geita, akamwachia Masanja makasha mawili ya sanamu ndogo, rangi, dadu na kitabu cha kanuni. Kasha moja la historia, moja la mazimwi. Nilichukua historia. Masanja, mtu mzima mwenye wajukuu, alichukua mazimwi, na mpaka leo anayapaka kijani. Anasema historia ina maiti wengi mno. Mimi nasema zimwi halimdai mtu maelezo, ndiyo maana linapendwa.

Basi kila Pasaka ruga-ruga wangu wanapigana na mazimwi yake kwenye meza yangu ya chakula hapa Ibadakuli. Ni aibu ya kitaaluma. Sijawahi kukosa hata mwaka mmoja.

Na tuna sharti. Anayeshindwa anapaka rangi sanamu moja ya mshindi, kwa mkono wake, na mshindi haruhusiwi kuigusa tena. Itabaki jeshini ilivyo. Nina ruga-ruga watano waliopakwa na Masanja. Mmoja ana masharubu mpaka sikioni.

Jumanne, 18 Februari

Vifungo. Mikanda. Kazi ya brashi ya nywele tatu. Nikailamba ncha, kama kawaida, iwe kali.

"Baba Neema, unalamba kama mbuzi aliyeona chumvi," alisema mke wangu akipita na beseni.

Nikashusha brashi kwenye mkanda wa kwanza na mstari ukaenda kama barabara ya Isaka kipindi cha mvua. Nikafuta. Wa pili vilevile. Nimeweka viwiko vyote mezani, nimebana pumzi. Mkono unatetemeka. Si sana. Kama simu inayoita ndani ya mfuko wa mtu mwingine.

Chai nyingi. Napunguza chai.

Jumapili, 23 Februari

Nimepunguza chai. Mkono uko vilevile, na sasa sina chai.

Nimeacha mikanda, nimefanya mbao. Mbili zimekamilika, mbili nyingine zina gundi. Vikaango vinne vya mchanga. Kazi isiyohitaji mkono mtulivu. Nilikoroga nikisikiliza redio na kumtukana msemaji.

Mhariri ameomba makala nyingine ya zebaki. "Yenye moto ule ule, Mwalimu." Nitampa.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Nimegombana na fundi wa maji, na mwenye duka la vifaa, na mzee mmoja kanisani aliyeniuliza tu hali yangu. Nikamjibu kwamba hali yangu si ajenda.

Silali vizuri. Fizi zinauma.

Mama Neema anasema chakula kina ladha ya chuma. Nikamwambia ni sufuria mpya. Akasema sufuria ni ya miaka tisa. Nikamwambia basi ni sufuria ya zamani. Alinitazama, akaondoka na bakuli lake kwenda kula nje. Kichwa kinamuuma wiki ya pili. Namwambia anywe maji.

Nina majibu ya kila kitu. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimwacha kiongozi wao awe wa mwisho. Ana kilemba, joho lenye pindo, bendera mkononi. Sura nimeipaka siku nne. Yalibaki macho.

Macho ndiyo mtu mwenyewe. Doa jeupe, kisha nukta nyeusi ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na ikikaa mahali pake kile kipande cha chuma kinakutazama. Nimepaka macho mia kadhaa maishani mwangu. Leo nimejaribu mara sita. Mara ya sita nukta iliteleza mpaka shavuni, nikafuta, ikatoka na ngozi, na pua, na siku nne.

Nikamtupa ukutani.

Mama Neema alimwokota. Bendera imepinda. Alimweka juu ya kabati pamoja na wenzake, akamgeuza, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Naona aibu. Naandika hapa kwa sababu sitasema kwingine. Mimi bila mkono huu ni mdomo mtupu. Maneno yangu yanachosha watu, nawaona wanavyokunja gazeti. Hawa sitini ndio kitu pekee nilichowahi kufanya bila kumtukana mtu.

Jumamosi, 22 Machi

Masanja amekuja. Niandike yote, kwa utaratibu.

Aliingia saa nne asubuhi kwa mlango wa jikoni, kama zamani, na kasha tupu chini ya kwapa. Nilikuwa jikoni nachoma mchanga wa ubao wa mwisho. Mama Neema alikuwa mezani anachambua mchele, hatua mbili kutoka kwenye jiko.

"Mwangaluka, shemeji. Nimefuata wanangu wa kijani. Huyu mwandishi wenu simsalimii, asije akanitoa gazetini kesho."

"Karibu, Shemeji Masanja. Usimsalimie, atakung'ata. Wiki hizi anang'ata wote."

Masanja akacheka. Halafu akaona kikaango.

"Unapika nini, Mwalimu?"

Nikamwambia ni mchanga, ana macho.

"Mchanga wa wapi?"

"Wa kwako. Nilichota Novemba, wewe ulikuwa Mwanza, mlinzi akaniruhusu."

"Lundo lipi?"

"La nyuma. La kijivu."

Nilimwona anaacha kucheka. Sijawahi kuona uso wa Masanja ukifanya vile, hata kwenye misiba. Aliweka kasha chini, akazima gesi, akafungua dirisha, akamshika Mama Neema mkono kama mgonjwa na kumtoa uani. Mchele ulimwagika. Kisha akarudi mlangoni, hakuingia.

"Toka humo, Mwalimu."

Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa bado nimeshika mwiko.

"Lundo la mbele ni mawe yaliyosagwa tu. Lile la nyuma ni la zebaki. Limepita kwenye zebaki mara mbili, na mafundi wanachomea hapo hapo juu yake. Umeichoma hii tangu lini?"

"Desemba."

"Humu ndani?"

Nikaweka mwiko kando ya jiko.

"Humu ndani, Mwalimu? Anapopikia mkeo?"

Hakusema pingu. Nilisubiri aseme. Ningekuwa mimi, ningesema.

Jumatatu, 24 Machi

Jana sikuandika. Nilikaa uani siku nzima.

Nimeufundisha mkoa huu kuhusu mvuke usioonekana. Nimeandika dalili zake kwa mkono wangu: kutetemeka, fizi, ladha ya chuma, kukosa usingizi. Nilizinakili kwenye daftari kutoka vitabu vitatu. Halafu nikakaa na dalili hizo mwilini mwezi mzima nikilaumu chai.

Mchimbaji wa duarani, kule shimoni, angegundua. Anajua anachoma nini. Mimi sikujua kwa sababu nilikuwa nafanya sanaa. Sumu ilikuwa jambo la watu wasiosoma. Mchanga wangu ulikuwa mchanga wa vitako.

Jumanne, 25 Machi

Mwanza, hospitali. Masanja ametuendesha kwa gari lake. Njia nzima alizungumza na mke wangu habari za bei ya dengu. Nilikaa nyuma.

Daktari ni binti mdogo. Alituamkia, akatupima, akatuomba tuoneshe mikono mbele. Yangu ilicheza. Ya Mama Neema pia. Sikuwa nimewahi kuitazama mikono ya mke wangu ikiwa imenyooshwa hewani. Nilikuwa nimeitazama yangu tu.

"Nyumbani kwenu nani anachoma dhahabu, baba?"

Nikasema hakuna. Nikaeleza. Sanamu ndogo, vitako, mbao za vita, mchanga wa kukausha. Aliandika, akaacha kuandika, akamtazama Masanja kama anayeomba mkalimani.

"Ni michezo yetu, daktari," Masanja akasema. "Ya watu wazima."

"Na tabia, baba? Umekuwa na hasira kuliko kawaida? Kukasirika bila sababu?"

Mama Neema alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mpaka machozi, na Masanja naye akashindwa, na daktari akawa anatutazama na kalamu mkononi. Nilikaa pale kati yao.

Mkojo wetu umepelekwa Dar kupimwa. Daktari ameagiza kila kilichoguswa na mchanga ule kitoke ndani ya nyumba, jiko lioshwe, madirisha yakae wazi, tupikie nje. Kila kitu. Amerudia: kila kitu.

Ijumaa, 28 Machi

Ndoo zimetoka. Kikaango kimetoka. Mbao sita za uwanja wa vita zimefungwa kwenye nailoni nzito, Masanja amezichukua.

Askari sitini bado wako juu ya kabati.

Niandike kweli. Siku tatu nimejiambia kwamba mchanga ulioshikwa na gundi hauna madhara, ni punje chache, umeshachomwa ukaisha. Huenda ni kweli. Nimetafuta kitabu cha kunithibitishia. Sikumtafuta daktari, namba yake ninayo. Mke wangu anapika uani kwenye jiko la mkaa, mwavuli juu yake mvua ikinyesha, na mimi niko ndani nawatetea ruga-ruga.

Leo asubuhi aliingia kuchukua sahani. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akaibana, akakimbia mpaka kabatini, akachukua sahani, akakimbia kutoka. Kama mtu anayevuka barabara.

Nimewafunga mwenyewe. Sitini. Nilianza kuwaviringisha kwenye karatasi mmoja mmoja, kisha nikaona ni upuuzi, nikawamwaga kwenye ndoo yenye mfuniko. Kiongozi wa mwisho. Hana macho bado.

Jumanne, 8 Aprili

Majibu. Vipimo vyetu vyote viwili viko juu.

Cha kwake kiko juu kuliko changu.

Daktari ameeleza kwa simu, kwa upole, kwamba mimi nilichoma na kuondoka kwenda kupaka rangi sebuleni. Mke wangu alibaki humo jikoni. Alipika humo, alichambua mchele humo, alikaa humo alasiri kwa sababu nje kulikuwa na mvua na kwa sababu nilikuwa nimetandaza vichupa vyangu meza nzima ya sebuleni. Amesema chanzo kikiondoka mwili utapunguza wenyewe, taratibu, na tutapimwa tena. Kuhusu kutetemeka hakuahidi.

Nilimwambia Mama Neema majibu tukiwa uani. Alikuwa anageuza viazi.

"Kwa hiyo nimekushinda," alisema.

Akaendelea kugeuza viazi. Kiganja chake kilitetemeka na kijiko kikagonga ukingo wa karai, tik tik tik, naye akakishika kwa mkono wa pili.

Sijui hasira ipi miezi hii ilikuwa yangu na ipi ilikuwa ya zebaki. Ningependa sana kusema yote ilikuwa ya zebaki. Lakini makala ya pingu niliiandika kwa kalamu tulivu kabisa, na niliifurahia.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeandika makala. Ukurasa mmoja na nusu, bila kejeli. Nimesema nilichofanya, wapi, kwa muda gani, na jinsi nilivyokuwa nimewaandika wengine. Nimesema mwenye karasha niliyemkejeli ndiye aliyezima gesi. Nimesema pia kwamba mafundi wake bado wanachomea pale pale, kwa sababu hiyo nayo ni kweli. Nimeeleza dalili upya, safari hii kwa maneno ya mtu aliyenazo.

Mama Neema ameisoma. Amebadilisha neno moja. Nilikuwa nimeandika "familia yangu." Amekata, ameandika "mke wangu."

Imetumwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mhariri hataki.

Amepiga mwenyewe, jambo asilolifanya. Anasema ananiheshimu sana, Mwalimu wetu, kalamu yetu. Lakini hii imekaa kibinafsi. Wasomaji hawataelewa mambo ya sanamu, watacheka. Na itaharibu ile ya kwanza, ambayo bado inasambazwa. "Tupe ile yako ya siku zote. Wachape."

Nilimuuliza kama mtu anayesoma gazeti lake akiwa amekaa karibu na kikaango kama changu ana haki ya kujua.

"Mwalimu, nani mwingine nchi hii anachoma mchanga kwa ajili ya vijisanamu?"

Ana hoja. Ndiyo iliyoniuma. Jikoni mwangu palifanyika kosa ambalo nchi nzima wangeweza kulifanya watu wawili tu, mimi na Masanja. Kuwatukana maelfu ni makala. Kujitaja mwenyewe ni mambo binafsi.

Nimetoa nakala ya mkono, nimeibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, kati ya ratiba ya kwaya na tangazo la mbuzi aliyepotea. Mzee yule niliyemjibu vibaya alikuwa wa kwanza kusimama mbele yake. Alisoma yote, mikono nyuma. Nilimwomba radhi. Akasema, "Hali yako si ajenda," na akanipiga begani, akaondoka akicheka peke yake.

Jumamosi, 19 Aprili

Ingekuwa siku ya vita.

Masanja alikuja na dengu, na samaki. Tulikaa uani sote watatu. Meza ilikuwa na chakula tu juu yake, na ilionekana kubwa mno.

Nilimuuliza askari wangu wako wapi. Amewaweka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, pamoja na ndoo na mbao, nyuma ya karasha, kwenye sakafu ya saruji. Akasema pipa limeandikwa jina langu. Sikujua kama ni utani.

Nikamuuliza kama ataacha.

"Nimenunua chungu cha chuma cha kunasa mvuke. Mafundi hawakipendi, kinachelewesha. Nikiwapa kisogo wanachoma kizamani. Nikiwafukuza wanahamia kwa jirani, na jirani hana hata chungu."

Miezi miwili iliyopita jibu hilo lingenipa kurasa tatu. Nikamwambia lile lundo la nyuma lifunikwe walau. Akasema ameshalifunika. Nikamwambia nitakwenda kuona. Akasema njoo, ila usibebe ndoo.

Mama Neema alicheka. Mimi pia.

Baadaye, akiwa amesimama kuondoka, Masanja alitoa kitu mfukoni na kukiweka karibu na sahani yangu. Zimwi. Vichwa viwili, rungu mkononi, bado chuma kitupu. Kitako amekizungushia maganda ya karanga yaliyopondwa.

"Hatujacheza," nikasema.

"Ulishindwa," akasema. "Tarehe ishirini na mbili Machi, saa nne asubuhi, jikoni kwako. Mkeo shahidi."

"Mkono wangu unatetemeka, Masanja. Unajua."

"Sharti halisemi mkono uweje."

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua imepumzika. Meza ndogo uani, chini ya upenu. Kigae, maji, brashi mbili.

Kijani nimepaka yenyewe, kama anavyopenda, ingawa chini yake nimeweka kahawia mbili, kwa sababu hata zimwi lina ngozi. Meno. Rungu. Kazi ya dakika arobaini imechukua asubuhi nzima. Napaka, napumzika, napaka. Brashi naiviringisha kwenye tambara lenye maji ili ipate ncha. Silambi tena. Ulimi unaitafuta.

Mama Neema alikuwa upande wa pili wa meza anachambua mchele. Mara kwa mara mkono wake ulikuwa unacheza juu ya ungo, anauacha utulie, anaendelea. Wangu vilevile. Kuna wakati yote miwili ilitulia pamoja.

Mwisho macho. Vichwa viwili, macho manne. Matatu yamekaa vizuri kuliko nilivyotegemea. La nne mkono uliruka. Nukta imekwenda pembeni kabisa, na kichwa cha kushoto hakitazami mbele, kinatazama mlango wa jikoni.

Tambara lilikuwa na unyevu. Ningeweza kufuta.

Nimeliacha likauke. Masanja haruhusiwi kuligusa, ndilo sharti. Litakaa mstari wa mbele Pasaka ijayo, na zote zitakazofuata, likitazama huko.